Mgeni Hagombani na Kijiji Kilichoulizwa

Kuna hoja inayosemwa kwa sauti ya busara, na kwa sababu hiyo waungwana wengi wameikubali bila kuipima. Utaisikia kwenye vijiwe vya bodaboda hapa Picha ya Ndege, Kibaha, kwenye vikao vya madiwani, na hata bungeni Dodoma. Hoja yenyewe ni hii: nchi maskini haiwezi kupata vyote viwili, haki kamili kwa watu wake na maelewano mema na mataifa mengine. Ikitaka wawekezaji waje, wafadhili wasiondoke na majirani watulie, basi wananchi wapunguze madai. Anayedai fidia ya shamba, anayeuliza mkataba umesema nini, anayekataa kuhama kabla hajalipwa, huyo anaitia nchi doa. Haki yake ipo, wanasema, ila isubiri. Amani kwanza.

Naipinga hoja hii, na siipingi kwa huruma peke yake. Naipinga kwa kuwa si kweli. Ukifuatilia yaliyotokea katika mkoa wetu wa Pwani tangu uhuru utakuta kinyume chake: urafiki na wageni ulidumu pale mwananchi wa kawaida alipouona mkononi mwake, ukavunjika pale alipozungukwa. Sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa kwamba Tanzania haiishi peke yake. Malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi yanapita Barabara ya Morogoro mbele ya nyumba zetu usiku na mchana, na watoto wetu wanavuka kwenda shule katikati ya malori hayo. Hakuna anayetaka yasimame. Swali ni nani aliyeambiwa alipe ili yaendelee kupita, na kama malipo hayo kweli yanaleta amani inayotajwa.

Nianze na Kisarawe, kwa kuwa huko somo liligharimu ardhi.

Katikati ya miaka ya 2000 nchi za Ulaya zilianza kutafuta mafuta yanayotokana na mimea. Kampuni ya Kiingereza iitwayo Sun Biofuels ikafika Kisarawe kutafuta eneo la kulima mibono. Ikapata zaidi ya hekta 8,000 kwa miaka 99, zikiwa zimetoka katika ardhi ya vijiji 11, vikiwemo Mtamba, Muhaga, Marumbo, Kurui na Mzenga. Watu waliahidiwa visima, zahanati, barabara na kazi. Ahadi ya kisima si jambo dogo Kisarawe. Wilaya hii inapakana na Dar es Salaam, jiji kubwa kuliko yote nchini, lakini mji wake ulingoja mpaka Juni 2020 ndipo mradi wa maji kutoka Kibamba ukazinduliwa. Mtu anayechota maji kwenye bwawa pamoja na ng'ombe, ukimwambia kuna kampuni itakayomchimbia kisima, atanyoosha mkono mkutanoni. Kura ya namna hiyo ni ya kiu, na aliyeihesabu kuwa ridhaa alijua anachokifanya.

Mwaka 2011 kampuni ikaishiwa fedha na kuangukia mikononi mwa wafilisi. Mamia ya vibarua wakapoteza kazi, shamba likauzwa kwa mwekezaji mwingine, na sehemu kubwa ya zile ahadi ikabaki maneno. Ardhi nayo haikurudi.

Hapa lazima tutue, maana ndipo penye kiini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, haimruhusu mgeni kumilikishwa ardhi ya kijiji ikiwa bado ni ya kijiji. Kwanza ardhi huhaulishwa, yaani huhamishwa kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, kwa mamlaka ya Rais. Eneo likiwa la hekta 250 au pungufu, uamuzi wa kuridhia au kukataa ni wa mkutano mkuu wa kijiji. Likizidi hapo, kijiji hutoa mapendekezo na waziri ndiye huamua. Kwa hiyo kadiri eneo linavyokuwa kubwa na jambo linavyokuwa zito, ndivyo sauti ya kijiji inavyopungua. Na ardhi ikishahama imehama. Mwekezaji akifilisika, akiuza au akiondoka usiku, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Wanakijiji waliompokea mgeni kwa mikono miwili hujikuta hawana la kusema hata baada ya mgeni mwenyewe kuondoka.

Sasa niambiwe: ukimya wa vijiji vile 11 uliunufaisha vipi uhusiano wetu na Uingereza? Kampuni ilikuwa yao, ikaanguka, na magazeti yao wenyewe yakaandika habari za wakulima wa Kisarawe waliopoteza mashamba. Mradi uliotangazwa kuwa mfano wa ushirikiano mpya ukageuka mfano wa kuonya wengine. Na mwekezaji anayefuata, hata akija na nia njema na fedha za kutosha, atapokelewa kwa shaka. Atalipa gharama ya uongo ambao hakuusema. Kama kijiji kingeruhusiwa kuweka sharti moja tu, kwamba ahadi zisipotimizwa ndani ya muda fulani ardhi inarudi, kampuni isiyo na mtaji wa kutosha ingeogopa mapema, na yenye mtaji ingebaki. Sharti hilo lingemlinda mkulima, na lingeilinda pia heshima ya Uingereza.

Wala mtu asiniambie kwamba watu wa Mzenga hawajui kuishi na miradi ya wageni. Reli ya TAZARA inapita kwao. Wachina waliijenga kati ya 1970 na 1975 ili Zambia ipate njia ya baharini isiyopita kwa walowezi wa Rhodesia. Mradi ule ulikuwa na kasoro zake, lakini sababu yake ilielezwa hadharani nchi nzima, kiasi kwamba hata mtoto wa shule aliweza kukwambia reli inajengwa kwa ajili ya nani na dhidi ya nani.

Hebu tufuate sasa bomba la maji. Mitambo ya Ruvu Juu ipo Mlandizi, humu humu Kibaha, na maji yake hufuata Barabara ya Morogoro kuelekea Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kubinafsisha huduma ya maji ya Dar es Salaam lilikuwa moja ya masharti ya kusamehewa madeni. Serikali ikakubali. Mwaka 2003 kazi ikakabidhiwa City Water, kampuni ambayo hisa zake nyingi zilikuwa za Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani kwa pamoja. Benki ya Dunia na wenzake waliuunga mkono mradi kwa zaidi ya dola milioni 140. Wateja, yaani wale wanaolipa ankara na wale wanaonunua madumu, hawakuusoma mkataba. Waliambiwa wataalamu wamekwisha kuangalia.

Haikufika miaka miwili. Mei 2005 serikali ikavunja mkataba, na mwezi uliofuata viongozi wa kigeni wa kampuni wakakamatwa na kuondoshwa nchini. Biwater na Gauff wakaipeleka Tanzania mbele ya ICSID, kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia. Hukumu ikatoka Julai 2008: Tanzania ilikiuka wajibu wake chini ya mkataba wa uwekezaji kati yake na Uingereza, lakini haikutakiwa kulipa fidia, kwa kuwa kampuni ilikuwa imekwisha kushindwa yenyewe. Wengi walishangilia kwamba tumeshinda. Mimi naona jambo jingine. Katika shauri lile mashirika ya Kitanzania, yakiwemo LHRC, LEAT na TGNP, yaliomba kusikilizwa kwa niaba ya watumiaji wa maji. Yaliruhusiwa kuwasilisha maoni kwa maandishi, ila nyaraka hayakupewa. Mama wa Kibamba alifika na hoja yake mbele ya baraza la kigeni kwa sababu nyumbani hakuna aliyempa nafasi kabla ya mkataba kusainiwa. Kama mkataba ungesomwa hadharani mwaka 2002, mtu angeuliza mapema kama kampuni ile ingeweza kukusanya mapato iliyoyaahidi. Tukaona aibu kuuliza mwanzoni, tukaishia kuwafukuza watu mwishoni. Hilo ndilo linaloitwa kulinda uhusiano mwema?

Mfano wa Bagamoyo unaniuma zaidi, kwa kuwa unaihusu nchi tuliyo na deni nayo la shukrani. Kampuni yenye asili ya Sweden, EcoEnergy, ilipewa hati ya hekta takriban 20,000 ili ilime miwa na kuzalisha sukari, katika eneo lililokuwa ranchi ya RAZABA. Wakazi walilalamika kwamba hawajaelezwa vya kutosha kuhusu kuhamishwa na fidia. Shirika la ActionAid likayapaza malalamiko hayo hadi Ulaya, na mwaka 2015 shirika la misaada la Sweden likajiondoa katika mradi. Mwaka 2016 serikali ikafuta hati, ikitaja hifadhi ya Saadani na maji ya Mto Wami. Sehemu ya eneo baadaye ikaenda kwa kampuni ya Kitanzania ya Bakhresa, ambayo sasa inalima miwa huko. Kampuni ya Kiswidi ikaenda ICSID, na mwaka 2022 Tanzania ikaamriwa kulipa takriban dola milioni 165.

Tazama mlolongo wenyewe. Hati ilitolewa bila wakazi kuwa na kauli, ikafutwa bila wakazi kuwa na kauli, na gharama ikabebeshwa walipa kodi, wakiwemo wakazi wale wale. Hapakuwa na haki ya ndani, na amani ya nje haikupatikana. Wanaotuambia tuchague kimoja wanatuuzia kitu ambacho hata wao hawanacho.

Lakini Sweden hiyo hiyo, pamoja na Denmark, Norway na Finland, ilikuja Kibaha mwaka 1963. Hapa palikuwa pori. Nchi hizo nne za Nodiki zilishirikiana na serikali changa ya Tanganyika kuanzisha kituo cha elimu ya sekondari, afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 walitukabidhi, wakaondoka, na tangu hapo ni Shirika la Elimu Kibaha. Hospitali ya Tumbi, ambako mkazi wa Picha ya Ndege anakimbilia usiku mtoto akishikwa na degedege, imechipuka kutoka mradi ule. Shule ya Sekondari Kibaha imewalea watoto wa maskini kutoka mikoa yote. Sijawahi kumsikia mtu wa Kibaha akisema Wanodiki walimwibia. Na si kwamba Wanodiki wa 1963 walikuwa malaika, kisha wajukuu wao wakaharibika. Tofauti ipo kwenye mpango: ule wa 1963 ulianza na ujinga, maradhi na umaskini wa mtu wa hapa, ukaweka tarehe ya kukabidhi, na ukakabidhi kweli. Urafiki uliojengwa kwa zahanati na darasa haukuhitaji mtu yeyote anyamazishwe.

Zawadi nyingine ya wageni ipo Kwa Mfipa, hapa hapa Kibaha, ambako Februari 2022 ilifunguliwa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere. Imejengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China, kwa ajili ya vyama sita vya ukombozi: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF. Ina majengo mazuri, na undugu wa mapambano uliowaunganisha watu wa nchi hizi ni mkubwa. Damu ya Watanzania imo ndani yake. Ila nasema wazi kwamba undugu wa vyama si badala ya undugu wa wananchi. Nitajua shule ile inatimiza jina lake siku mwanafunzi kutoka Maputo au Windhoek atakapopelekwa Mtamba kusikiliza yaliyotokea, kisha arudi kwao akijua namna ya kuzuia yasitokee.

Nikimtaja Mwalimu Nyerere najua nitakachoambiwa. Wapo wanaosema yeye ndiye ushahidi wa hoja yao: alijiingiza mno katika mambo ya kusini mwa Afrika, akagombana na wakubwa, na sisi tukabaki maskini. Desemba 1965 alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu haikuukomesha uasi wa walowezi wa Rhodesia, na tukakosa mkopo wa pauni milioni saba na nusu. Mwaka huo huo Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa kuwa Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu akakataa kuchaguliwa marafiki, akasema basi na misaada mingine waiondoe.

Sasa angalia kilichofuata. Uhusiano na Uingereza ulirudi mwaka 1968. Ujerumani haikuwa adui yetu. Sababu ni kwamba ugomvi ule ulisemwa waziwazi, kwa hoja ambayo mtu wa London au Bonn angeweza kuisoma na kuielewa hata kama hakuipenda. Nchi inayosema msimamo wake hadharani mapema inatabirika. Inayokubali kila kitu faraghani kisha ikageuka miaka mitatu baadaye ndiyo isiyoaminika.

Na kwa kuwa sitaki kumsifu mtu kwa nusu ya ukweli, nitaje na nusu ya pili. Kati ya mwisho wa 1973 na 1976 serikali ya Mwalimu iliwahamishia mamilioni ya watu katika vijiji, wengi kwa nguvu. Nyumba zilichomwa na mazao yaliachwa shambani. Miaka ile ile wafadhili walitusifu. Sweden ilitoa, Benki ya Dunia ilitoa, na heshima yetu nje ilikuwa juu. Kwa hoja ya "amani kwanza" ule ulipaswa kuwa wakati wa neema. Haukuwa. Mavuno yalipungua, chakula kikaagizwa kwa fedha za kigeni, na ilipofika miaka ya 1980 tukawa tunabishana na Shirika la Fedha la Kimataifa tukiwa hatuna akiba wala nguvu. Makofi ya nje hayakuzuia chochote. Mkulima aliyeondolewa shambani kwake hakuweza kuilisha nchi ili isimame wima mbele ya wageni.

Kuna kundi jingine, nalo lazima lijibiwe, kwa kuwa linajiona liko upande wangu. Hao wanasema haki ya ndani maana yake ni kumbana mgeni. Julai 2025 ilitoka amri ya kupiga marufuku wageni kufanya aina 15 za biashara, kuanzia uwakala wa fedha kwa simu na ufundi simu hadi saluni na kuongoza watalii. Madai ya mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo ni ya kweli. Kushindana kwenye rejareja na mtu anayeleta kontena zima kutoka kiwandani ni kuonewa. Lakini mgeni alifunguaje duka? Kuna ofisa aliyempa leseni, ofisa aliyempa kibali cha kukaa, na mwenye fremu aliyempangisha. Hao hawakuguswa na amri ile kama alivyoguswa msusi wa Kikenya ambaye kosa lake lilikuwa kuamini kwamba Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza 2010, lipo kweli. Nairobi ikalalamika, na ilikuwa na haki ya kulalamika. Kumpiga jirani ili kuficha uzembe wa ofisi yako hakumtendei haki mtu wa Kariakoo, na kunamfunza jirani kulipiza. Kosa la kundi hili na kosa la kundi la kwanza ni moja: yote mawili yanaamini kwamba haki ya Mtanzania na amani na mgeni ziko kwenye mizani moja, ukiongeza huku unapunguza kule.

Turudi kwa wale wa kwanza, kwa maana wana neno wanalolipenda sana: mambo ya ndani yamalizwe ndani. Yangemalizwa ndani, nisingeandika. Juni 2022, serikali ilipoweka vigingi kutenga kilomita za mraba 1,500 huko Loliondo, ambako kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu imekuwa na kitalu tangu miaka ya 1990, yalitokea mapambano. Askari polisi aliuawa, wananchi wakajeruhiwa, na wengi wakavuka mpaka kwenda kutibiwa Kenya. Mambo ya ndani yakaishia hospitalini, nchi jirani. Aprili 2024 Benki ya Dunia ikasimamisha fedha za mradi wa REGROW wa dola milioni 150 kwa sababu ya malalamiko ya wananchi jirani na Hifadhi ya Ruaha. Hakuna mwananchi aliyefukuza fedha zile. Zilifukuzwa na namna mwananchi alivyotendewa.

Na Oktoba 29, 2025 tuliona kilele cha yote hayo. Siku ya uchaguzi watu waliingia mitaani, wakauawa, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje, na Namanga kukawa na vurugu mpakani. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika, wenzetu tuliowapigania wawe huru, walisema uchaguzi haukufikia viwango tulivyojiwekea pamoja. Miaka mingi tulijiita kisiwa cha amani. Siidharau amani hiyo. Nchi iliyowapokea wakimbizi wa Burundi kwa vizazi viwili inajua thamani yake kuliko wahubiri wake. Ila amani inayowekwa akiba kwa kumnyamazisha mtu ina siku yake ya kuisha, na siku ile majirani walikuwa wa kwanza kujua, kwa sababu mizigo yao ipo kwenye barabara zetu.

Nitaambiwa: sawa, lakini mwananchi akipaza sauti mwekezaji anakimbia. Haya, tuijaribu hoja hiyo kwa bandari. Oktoba 2022 Tanzania na Dubai zilisaini makubaliano kuhusu bandari, na Juni 10, 2023 Bunge likayaridhia. Watu wakayasoma, safari hii kweli, kwenye simu zao. Wakauliza: mbona hayana ukomo? Mbona ni ya bandari zote? Wanasheria walihoji, Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa tamko Agosti 2023, wakosoaji walikamatwa na kutishiwa mashtaka ya uhaini. Tuliambiwa Dubai watakasirika. Hawakukasirika. Oktoba 22, 2023 mikataba ya utekelezaji ilisainiwa Chamwino ikiwa na muda wa miaka 30, tathmini ya kila miaka mitano, na ikihusu gati zilizotajwa za bandari ya Dar es Salaam. Siwezi kuapa kwamba mikataba hiyo ni mizuri. Sijaona ukurasa wake wote, na hilo lenyewe ni kasoro. Lakini kelele za wananchi zilipunguza upana wake, na kampuni ya Dubai, DP World, haikuondoka. Mfanyabiashara mzito hukimbia nchi ambayo hajui kesho itasema nini. Haogopi swali linaloulizwa kabla hajasaini.

Nataka hoja yangu ipimwe mahali pa karibu, nako ni Kwala, humu humu wilayani Kibaha. Julai 31, 2025 bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa, pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa treni ya SGR, na kongani kubwa ya viwanda inajengwa jirani yake. Kongo, Zambia, Burundi, Rwanda na majirani wengine wametengewa maeneo pale kwa ajili ya shehena zao. Ni mpango mzuri. Ukifanikiwa, malori yatapungua Picha ya Ndege na wenzetu wasio na bahari watapata mizigo yao haraka. Kwa hiyo kila hekta itakayofuata kuchukuliwa kuzunguka Kwala itakuwa jambo la nje na la ndani kwa wakati mmoja.

Ninachokidai kinatekelezeka. Mkataba wa kila mwekezaji anayeomba ardhi usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, wiki kadhaa kabla ya kusainiwa, na muhtasari wa mkutano uambatanishwe na hati. Fidia ilipwe kabla ya kuhama, na jedwali la tathmini libandikwe ofisi ya kijiji ili kila mtu aone la jirani yake. Ahadi za kisima na zahanati ziandikwe ndani ya mkataba pamoja na tarehe. Na Sheria Namba 5 ya 1999 irekebishwe ili ardhi iliyohaulishwa kwa mradi uliokufa irudi kijijini bila kijiji kuanza kuomba upya. Wabunge wa Kibaha na Kisarawe wanaweza kupeleka muswada binafsi kuhusu kifungu hicho kimoja katika mkutano ujao wa Bunge, na wakiupeleka, waanze kwa kusoma majina ya vile vijiji 11.